Vidole Viwili Mgongoni

Mwaka wa kwanza alipofika Kasulu, watu walimwita Mchina. Si kwa ubaya. Wachina ndio waliokuwa wakionekana barabarani na mitambo yao, kwa hiyo mtu yeyote mwenye sura ile na nywele zile alikuwa lazima awe wa barabara. Mama mmoja sokoni alimshika mkono akamuuliza lami itafika lini kwake, maana vumbi limemharibia nyanya. Hisae Morikubo, ambaye katika ujana wake Japani nzima ilimjua kwa sura na kwa jina, alimjibu kwa Kiswahili cha darasani kwamba yeye si mtu wa barabara, yeye ni mwalimu wa jimnastiki.

"Ndiyo nini hiyo?" mama akauliza.

Mwalimu Veronica, aliyepewa kazi ya kumtembeza mgeni mjini, akasaidia: "Sarakasi, mama."

Hisae alilichukia neno hilo kuliko hata Mchina.

Alikuwa bingwa wa taifa akiwa na miaka kumi na tisa, akaushikilia ubingwa huo misimu mitatu. Magoti yalichoka kabla yake, na alipofika ishirini na sita akageuka kocha. Ukocha ulimkubali. Wasichana wake walishinda huku na huku, magazeti yakampiga picha amekunja mikono, hacheki, na akina mama wakawa wanaleta mabinti zao kutoka miji ya mbali ili tu wakafokewe naye. Halafu, akiwa na miaka thelathini na mmoja, akaacha ghafla, na waliojua sababu hawakuwa wengi. Akauza viatu vya michezo dukani. Akamuuguza mama yake hadi akamzika. Baada ya hapo akaomba nafasi ya kujitolea mahali popote pasipo na mtu anayemjua, wakampa Kasulu, miaka miwili. Mkataba ulipoisha akaongeza, ukaisha tena akaongeza, na sasa ana miaka hamsini na mitatu na hakuna anayemwita Mchina tena isipokuwa watoto wa chekechea.

Vifaa alivitengeneza kwa ubishi. Kasha la kurukia lilichongwa na fundi seremala kwa mbao za mninga, zito hilo, wanafunzi wanane ndio walilihamisha. Ubao wa kurukia uliwekewa springi za lori bovu. Magodoro yalijazwa nyasi na maganda ya maharage, yakafunikwa kwa maturubai yaliyobaki Mtabila kambi ya wakimbizi ilipofungwa na Warundi wakarudi kwao. Kila baada ya mvua yalinuka kama zizi. Hisae aliyanusa, akafikiria kumbi za kwao zenye sakafu ya kung'aa, akasema "Tena," na watoto wakaruka tena. Hakuwa na neno jingine la kufundishia. Ukifanya vibaya, tena. Ukifanya vizuri, tena. Wanafunzi wa kiume walimtania kwamba hata akiuliwa na radi atasema tena.

Elieth alikuja na miaka kumi na miwili, kutoka Muyama, binti wa mkulima wa kahawa na maharage aitwaye Kipriani. Asubuhi ya kwanza alipomkuta Hisae uwanjani, alikunja magoti hadi karibu na ardhi, akapiga makofi taratibu, mawili, matatu, viganja vikiwa vimefumbana. "Mwakeye, madamu." Ndivyo watoto waliolelewa Uha, kwa Waha wa huku, wanavyowasalimia wakubwa, na Hisae alikwisha kuona wengine wakifanya hivyo kwa haraka haraka wakiwahi chai. Huyu hakuwa na haraka. Kwa sekunde moja Hisae alidhani anashangiliwa. Ilikuwa miaka mingi hajapigiwa makofi na mtu, na alijikuta ameinamisha kichwa kama alivyokuwa akifanya mbele ya majukwaa.

Mtoto huyo alikuwa na kitu. Hisae alikiona siku hiyo hiyo na kikamtia hofu, maana alikuwa amekiona kitu hicho mara moja tu kabla ya hapo. Elieth alijirusha hewani bila kuuliza ardhi iko wapi, na ardhi ikamkuta miguu yote miwili imesimama. Nyumbani alijifunzia kwenye kichuguu cha shambani, akitua juu ya marundo ya majani ya maharage yaliyokwisha kupurwa. Hakuna aliyemfundisha. Ndani ya miaka miwili na nusu alikuwa akikimbia, akikanyaga ubao, akiligonga kasha kwa mikono miwili, na kutoka pale akijikunja na kupinduka mzima hewani kabla ya kutua. Mruko huo Hisae mwenyewe aliuweza akiwa na miaka kumi na sita, kwenye ukumbi wa mamilioni.

Na kila Elieth aliporuka, Hisae alikuwa pembeni ya godoro, mkono mmoja umenyooka. Mwanzoni ndivyo inavyotakiwa. Kocha hushika mgongo, huinua, husukuma kidogo, mpaka mwili wa mtoto ujue njia. Kisha mkono unapungua. Kiganja kinakuwa vidole, vidole vinakuwa hewa, na siku moja kocha anarudi nyuma na mtoto anabaki peke yake. Hiyo ndiyo kazi yote, na ugumu wake uko hapo mwishoni. Kwa wanafunzi wengine Hisae alirudi nyuma kwa wakati wake. Kwa Elieth hakurudi.

"Dada, huyo mtoto umembeba mgongoni au?" Veronica alimwuliza siku moja. Veronica alikuwa mwalimu wa michezo, mtu wa Singida, na mdomo wake ulikuwa hauna breki. "Miezi mitatu sasa anatua mwenyewe. Nimehesabu. Hajakosea hata mara moja."

"Bado kidogo," Hisae alisema.

"Kidogo gani? Ana miaka kumi na minne. Atazeeka hapo hapo."

Hisae alienda kunyoosha turubai la godoro. Lakini jioni ile, wakiwa jikoni kwa Veronica wanakaanga migebuka, alimwambia habari ya Ritsuko. Hakuwa amemwambia mtu yeyote nchini hapa.

Ritsuko alikuwa na miaka kumi na mitano. Zilikuwa zimebaki siku nne kufika mashindano ya taifa, na mruko wake mpya ulikuwa umeiva, au Hisae aliona umeiva. Alimwambia, "Leo naondoa mkono." Ritsuko akasema, kwa sauti ndogo, "Kocha, naomba wiki moja tu." Hisae alikumbuka sauti hiyo vizuri, hata pumzi iliyokuwa mbele yake. Akamjibu kwamba mashindano hayasubiri wiki ya mtu, akarudi nyuma hatua tatu, akakunja mikono yake kama kwenye picha za magazeti. Ritsuko aliruka. Alitua kwa shingo.

"Alikufa?" Veronica aliuliza, upawa uko hewani.

"Hakufa. Yuko kwenye kiti cha magurudumu mpaka leo."

Na haikuishia hapo. Chama cha mchezo kiliita kikao cha uchunguzi, wanaume watatu kwenye meza ndefu na mwanamke wa kuandika, wakamwuliza swali moja: mtoto aliomba kushikwa kabla ya kuruka? Hisae akasema hapana. Ritsuko alikuwa hospitali, hana sauti ya kubishana na bingwa. Ikaandikwa kwamba mchezaji alijiamini kupita kiasi. Hisae akajiuzulu mwenyewe na watu wakamsifu kwa utu wake, kwamba amewajibika kwa kosa lisilo lake. Sifa hiyo ndiyo iliyomkimbiza mpaka Kasulu.

Veronica alizima jiko. Akaepua kikaango. Mwisho akasema, "Lakini Elieth si huyo, dada." Hisae akasema anajua. Alijua kweli, kichwani. Mkono ndio ulikuwa haujui.

Mwezi wa saba ikatangazwa kwamba patakuwa na mchujo Kibondo, wa shule za wilaya zote za huku juu. Wasichana wawili wenye umri usiozidi miaka kumi na minne wangechukuliwa na shule moja ya vipaji mkoa mwingine, wasome huko mpaka kidato cha sita na mchezo ukiwa ndani ya ratiba, chini ya makocha wenye ukumbi na magodoro ya kweli. Waandaaji hawakuwa na kanuni za mchezo huu, na nani angezijua kama si Hisae? Wakamwomba aandike. Aliandika siku tatu, Veronica akamnyooshea Kiswahili, wakapeleka steshenari zikachapwa. Kanuni ya tisa ilisema hivi: kocha akimgusa mchezaji kuanzia anapokanyaga ubao hadi anapotua, mruko huo ni sifuri. Ya kumi: kila mchezaji ataruka mara moja tu.

"Mara moja?" Veronica alipinga. "Wape hata mbili. Ni watoto."

"Bingwa harudii," Hisae alisema. Bado alikuwa na kiburi chake, kilikuwa hakijafa, kilikuwa kimekaa tu.

Kabla ya safari alikwenda Muyama kuomba ruhusa, na Kipriani akampokea uani kwa kiti cha pekee kilichokuwa na mgongo. Mama yake Elieth alikuwa amefariki, na wadogo watatu walilelewa na bibi ambaye macho yalikuwa yanafifia.

"Mama mwalimu," Kipriani alisema, "mtoto nilikupa akae bweni huko Kasulu, nami nikabaki hapa nachota maji mwenyewe, watu wananicheka. Sikukupa moja kwa moja. Hiyo ya Kibondo ikimchukua, achukuliwe, nitajua ameitwa. Isipomchukua, nyamuneka, tafadhali, nirudishie. Shule ya kata ipo hapo. Mikono yake inatakiwa hapa nyumbani."

Hisae alikubali. Ilikuwa haki. Elieth alikuwa amesimama mlangoni na mdogo wake kiunoni, akisikiliza, na macho yake hayakumtoka Hisae.

Walikwenda Kibondo kwa gari la shule, asubuhi ya baridi ya kiangazi. Ukumbi ulikuwa bwalo la shule moja, madirisha yamefunguliwa yote, watoto wamening'inia kwenye nondo wakitazama. Waamuzi walikuwa walimu wa michezo waliopigwa semina na Hisae mwenyewe wiki mbili kabla. Mwamuzi mkuu aliitwa Ildefonce, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, aliyekuwa ameikariri karatasi ya kanuni mpaka nukta zake.

Elieth alimvuta Hisae pembeni kabla ya zamu yake.

"Madamu, naomba kitu."

"Sema."

"Leo usisimame pale godoroni. Kaa na Madamu Vero."

Hisae alimtazama. Mtoto alikuwa ametulia. Hakukuwa na woga wowote usoni mwake, na hilo lilimwogopesha Hisae zaidi.

"Nitasimama tu," alisema. "Kanuni inaruhusu kusimama. Sitakugusa."

"Kweli, madamu?"

"Kweli."

Elieth akakunja magoti, akapiga makofi yake mawili, matatu, akaenda kwenye mstari. Jina lake likaitwa. Akanyoosha mkono juu kwa waamuzi, kama alivyofundishwa, akakimbia.

Ulikuwa mruko mzuri kuliko yote aliyowahi kuruka. Hisae alijua tangu mguu ulipokanyaga ubao. Mikono iligonga kasha mara moja, sauti safi, mwili ukapanda, ukajikunja, ukaanza kupinduka juu juu kabisa ambako hapana hatari yoyote, na Hisae aliyekuwa ameona miruko elfu na elfu aliona kwamba huu unatua, umeshatua, hakuna cha kuuzuia. Aliona yote hayo. Na mkono wake ukatoka. Vidole viwili viligusa mgongo wa fulana, kidogo tu, kama mtu anayejaribu pasi kama imepata moto. Elieth akatua kwa miguu miwili na hakutikisika hata kisigino.

Bwalo lililipuka. Veronica alikuwa amepanda juu ya benchi. Watoto wa madirishani walipiga mayowe mpaka mmoja akaanguka nje, akacheka huko huko. Elieth alinyoosha mikono kwa waamuzi, akageuka akamtazama kocha wake, na Hisae akajua kwamba amehisi.

Mwalimu wa shule nyingine alisimama akaenda kwenye meza ya waamuzi, akasema jambo kwa sauti ya chini. Ildefonce alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akatembea polepole hadi pale Hisae aliposimama.

"Mwalimu Hisae, samahani. Yule mwenzetu anasema ameona mkono. Mimi sikuona. Wenzangu wawili nao hawakuona." Akateremsha sauti. "Kanuni ni zako, mwalimu, kwa hiyo nakuuliza wewe, na utakachosema ndicho nitakachoandika. Ulimgusa?"

Alikuwa anamwomba aseme hapana. Uso wake wote ulikuwa unaomba. Veronica, juu ya benchi, alikuwa akitikisa kichwa: hapana, hapana, sema hapana. Lakini Hisae hakuwaona tena. Aliona meza ndefu na wanaume watatu, na mwanamke wa kuandika amekaza kalamu. Miaka ishirini na miwili alikuwa akirudi mbele ya meza ile na kujibu tofauti. Sasa kumbe wamekuja kumwuliza tena.

"Nilimgusa," alisema.

Na akajisikia mwepesi. Huo ndio ukweli, na hakuna namna ya kuusema ukawa mzuri: kwa muda wa pumzi moja, mwanamke yule alifurahi. Kifua kilifunguka. Aliona amesema alichopaswa kusema tangu zamani, na mtu amekisikia. Kisha akageuza kichwa akamwona Elieth, bado amesimama katikati ya godoro, mikono inashuka taratibu. Hakuwa na umri wa kuelewa alilipishwa deni la nani.

Sifuri ikaandikwa. Nafasi zikaenda kwa msichana wa Kibondo aitwaye Benita na mwingine wa Kakonko, wote wawili waliruka kwa usafi, miruko ya kawaida, kwa haki yao kabisa. Hisae aliwapongeza kwa kuwashika mikono. Haki hiyo haikumfariji.

Veronica alianza walipoingia garini, na hakukoma. "Ungesema huna hakika. Neno hilo tu, dada! Ungesema sijui. Umesimama pale kama unaungama kwa padri. Mtoto wa watu! Mtoto wa watu anakwenda kuchota maji Muyama kwa ajili ya nini? Ili moyo wako upate kupumua?" Akavuta kitenge akajifunika kichwa, akageukia dirishani, na baadaye kidogo mabega yake yakawa yanatikisika.

Elieth alikaa nyuma kabisa. Walipopita kijiji cha pili alisogea mpaka kiti cha Hisae.

"Madamu."

"Naam, Elieth."

"Ningeanguka?"

Hisae angeweza kusema labda. Angeweza kusema kwamba mguu wa kushoto ulikuwa umelegea, na mtoto angeamini, na angekuwa na kitu cha kushika.

"Hapana," alisema. "Usingeanguka."

Elieth aliitikia kwa kichwa. Akarudi kwenye kiti chake, akakaa wima, mikono mapajani, akatazama njia mpaka Kasulu. Hakulia. Wiki hiyo hiyo Kipriani alikuja na baiskeli akafunga sanduku la binti yake nyuma, akamshukuru Hisae kwa heshima zote kwa kumtunzia mtoto, wakaondoka.

Hisae aliendelea kufundisha. Watoto walikuja, kasha lilihamishwa, magodoro yakaanikwa. Lakini neno lake, "Tena," hakulisema. Alikaa kwenye benchi na mikono ameikalia, na watoto waliporuka aliangalia miguu yao tu. Veronica alimsamehe baada ya mwezi, kwa namna yake, akamletea sahani ya maharage na kumwambia amekonda kama fimbo. Tena akamwambia, "Nenda Muyama. Unamwogopa mtoto wa miaka kumi na minne?" Alikuwa anamwogopa.

Alikwenda mwishoni mwa mwezi wa tisa, kwa bodaboda, mawingu ya kwanza yakiwa yanajikusanya juu ya vilima. Alimkuta Elieth uani anapura maharage kwa fimbo, kanga imefungwa kifuani, wadogo zake wakiokota punje zinazoruka mbali. Kipriani alikuwa shambani. Bibi alikuwa kivulini pa nyumba, akauliza ni nani, akaambiwa ni mwalimu, akasema karibu na kusinzia tena.

Elieth alikunja magoti, akapiga makofi. "Mwakeye, madamu." Taratibu, kama siku ya kwanza, halikupungua hata kofi moja. Hisae alikuwa amejiandaa kwa hasira. Kwa heshima hakuwa amejiandaa.

Wakakaa juu ya mkeka. Hisae akaeleza aliyokuja nayo: kwamba ameandika barua kwa ile shule, ameandika kwa waandaaji, mara tatu, akawaeleza kosa lilikuwa lake na si la mtoto. Wamejibu kwa adabu. Nafasi zimejaa, na mwakani Elieth atakuwa amevuka umri.

"Najua, madamu. Nilihesabu mwenyewe."

"Naweza kumwomba baba yako urudi Kasulu. Nikufundishe hata bila mashindano."

Elieth alichambua maharage kiganjani, akatupa lililooza. "Baba alisubiri miaka miwili," alisema. "Siwezi kumwambia asubiri tena."

 Mdogo mmoja alikuja akamkalia Elieth mapajani, akaondoka tena.

"Madamu Vero alinisimulia siku ile ya kufunga sanduku," Elieth alisema. "Habari ya yule dada wa Japani. Usimkasirikie. Nilimwuliza mimi kwa nini ulikubali kwa mwamuzi, akasema kuna kitu."

"Simkasirikii."

"Yule dada anajua kwamba ulisema hakuomba?"

"Anajua. Ni yeye aliyeomba. Alisoma kwenye magazeti."

"Ukaenda kumwambia?"

"Sikwenda."

"Hata barua?"

"Hata barua."

Elieth alifikiri. Hakuwa na ukali wowote, alikuwa anapanga tu mambo mahali pake, kama alivyopanga maharage mazuri huku na mabovu kule. "Basi ule ukweli ulikuwa wake, madamu," alisema. "Kibondo ulimpa mwamuzi. Mwamuzi alikuwa hauhitaji."

Hisae aliyasikia maneno hayo yakiingia. Aliinuka. Elieth naye akainuka, akidhani mgeni anaaga, akaanza kukunja magoti. Lakini Hisae alimtangulia. Alishuka yeye, mtu mzima, mwalimu, mbele ya binti wa kumzaa, jambo ambalo uani kwa Mha halionekani. Magoti yake ya ubingwa, mabovu miaka thelathini sasa, yalilia yote mawili, na mwili ukayumba kidogo upande wa kushoto, kama ulivyoyumba kila siku tangu ujana wake, akiteremka kitandani au akiokota chaki.

Hakuwa anaanguka. Lakini mkono wa Elieth ulikuwa umeshatoka, umeshafika mgongoni pake, vidole vimekaza.

Wote wawili walibaki hivyo. Elieth aliutazama mkono wake mwenyewe kwenye mgongo wa mwalimu.

"Ulikuwa huanguki," alisema polepole.

"Sikuwa naanguka."

"Sikujua nimeutoa."

Aliuondoa mkono, akaufumba kifuani, na hapo ndipo alipolia, kilio ambacho hakukilia Kibondo wala garini wala siku ya kufunga sanduku. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, mpaka bibi akaamka kivulini akauliza mtoto amepatwa na nini. Wadogo zake walisimama mbali na punje mikononi. Hisae alikuwa bado amepiga magoti kwenye maganda ya maharage, na alitaka kumshika mtoto yule kuliko alivyowahi kutaka ubingwa. Akaiweka mikono yake juu ya mapaja na kuikaza pale, akamwacha alie mpaka amalize.